Unywele Mgongoni mwa Nzi wa Shangazi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Ijumaa, maana mimi ni mtu wa aibu, shuleni nafundishwa kwa lugha mbili na zote mbili hunikaukia mdomoni, ndiyo sababu nakuandikia wewe badala ya kusema na mwenye haki ya kuambiwa, yaani shangazi yangu. Shangazi ni mtafiti wa wadudu na anaishi kwetu, na mwezi uliopita alimkamata nzi mdogo kama chembe ya ufuta kwenye bomba la maji machafu la bafuni, akasema huyu hajawahi kuandikwa popote duniani, na tangu hapo ni marufuku kumwaga dawa bafuni, hadi mama akamwambia, "Wifi, mimi nikisema uchafu, wewe unasema ugunduzi!" Kwa kuwa najua kuchora, nilipewa kazi ya kumchora nzi kwa kumtazama kwenye hadubini, nikampangusa vumbi kwa brashi yangu ya rangi, nikaona ana unywele mmoja mrefu mgongoni, nikauchora, shangazi naye akachungulia, akaruka kama mtoto, "Mwanangu, una jicho wewe! Hakuna ndugu yake mwenye kitu hiki!" Basi maelezo yote ya nzi kayajenga juu ya unywele huo, na kasema nzi ataitwa kwa jina langu, na baba ameshawatangazia majirani. Jumatatu nilirudi kuongeza kivuli kwenye mbawa, nikakuta unywele umelala pembeni kwenye kioo na nzi yuko mgongo mtupu, na mshauri, nzi aliyekufa hanyolewi. Niliulinganisha na nywele za brashi yangu: ni wa brashi. Nimejaribu kumwambia mara tatu: mara ya kwanza nikaishia kuomba chumvi, ya pili nikamsifia viatu, ya tatu nikasema nakwenda kulala, na ilikuwa saa kumi na moja jioni. Ijumaa anatuma makala kwa wataalamu wenzake, na wakimcheka, mimi ndiye niliyempaka masizi. Nifanyeje?

Mchoraji wa Nzi

Mchoraji, pole, na nisamehe kwa kucheka. Lakini kimya chako sikiungi mkono. Unywele kudondoka ni bahati mbaya. Kuujua tangu Jumatatu na kumwacha shangazi aendelee kuandika, hilo umelifanya mwenyewe. Unaogopa atakasirika? Atakasirika, tena atapiga meza. Kisha atavaa miwani arudi kazini, kwa sababu ni afadhali akemee nyumbani kuliko achekwe ugenini. Na hukukosea peke yako: naye alichungulia, akaona alichotamani kuona.

Usihutubie, hotuba huziwezi. Weka brashi kando ya hadubini, unywele uuache palepale kwenye kioo, umwite, "Shangazi, njoo uone." Halafu baki chumbani. Akishatulia, kamateni nzi wengine bafuni, hata kumi, muwatazame mmoja mmoja, mbawa, miguu na mgongo. Akiwa mpya kweli, atakuwa mpya bila brashi yako. Akiwa ni yule yule wa kila bafu, mpeni mama ruhusa ya dawa.

Barua yako nimeichapa leo Alhamisi, na mashangazi wenye hadubini nyumbani si wengi. Funga gazeti, mwendee sasa hivi. Akiufikia ukurasa huu kabla yako, mimi sina ushauri mwingine.