Picha ya Nane

Jumapili, 9 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu. Nimeomba macho ya Bibi yasipone.

Sikuomba kwa sauti. Mama ndiye aliyekuwa akiomba, Bibi amekaa katikati ya kochi, mikono magotini. Mama akasema jicho lifunguke, mkono wa daktari uongozwe, nami nikaitikia amina kama watu. Kisha moyoni nikaongeza yangu. Lisifunguke. Au lichelewe. Halafu nikala, nikaosha vyombo. Hilo ndilo linalonitisha – kwamba nilikula.

Bibi atapasuliwa Jumanne ya wiki ijayo. Mtoto wa jicho. Ni macho yote mawili, ila wataanza na la kulia. Miaka minane sasa anaona mwanga na vivuli tu. Mara ya mwisho kuniona vizuri nilikuwa na miaka saba na pengo mbele. Kila mwaka daktari anamwambia ni kazi ya nusu saa, kila mwaka anajibu, "Kisu machoni? Tangulieni nyie." Mwaka huu amekubali mwenyewe bila kubembelezwa. Hatujui kwa nini.

Nilifurahi kuliko wote. Ndiyo maana nikaamua kusafisha picha.

Haya. Niandike tu.

Alhamisi nilichukua albamu yake, ile ya bustani ya michezo. Nilitaka akifunguliwa jicho azikute zinang'aa. Ya nane ilikuwa imeota ukungu pembeni, madoa kama nzi wametua. Nikachukua tishu za maji, zile Mama anazofutia mikono akishatia cherehani mafuta. Nikafuta pembeni, ukungu ukatoka. Nikasogea katikati. Picha ikaanza kunata. Nikadhani ni uchafu wa zamani unayeyuka, nikakaza mkono. Nilipoinua tishu, sura ya mjomba ilikuwa kwenye tishu.

Si alama. Sura yenyewe, rangi ya kahawia na machungwa. Kwenye picha pamebaki doa jeupe limekaa juu ya kola ya shati.

Tishu ninayo bado. Iko ndani ya mkebe wangu wa hesabu, chini ya rula. Nitamtupaje?

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimesoma picha tena.

"Kusoma" ni neno la Bibi. Tangu nilipokuwa darasa la tatu, kila nikirudi shule, akishamaliza chai yake, nafungua albamu magotini pake. Yeye anaweka kidole juu ya picha, mimi nasema kilichomo. Shuleni siwezi kusema sentensi mbili mbele ya watu. Lugha ya shule inanikwama kooni, ya nyumbani nayo ikifika pale inakwama vilevile. Lakini kwenye kochi la Bibi nasema mpaka Mama anasimamisha cherehani asikilize, halafu anajifanya anatunga uzi.

Picha ni kumi na mbili, zote za siku moja. Kiwanda cha Babu kilikodi mabasi kikapeleka familia za wafanyakazi kwenye bustani ya michezo. Mara moja tu, kabla hakijafungwa. Ya kwanza ni getini, wote na kofia za karatasi. Ya tatu ni Mama, miaka tisa, analia kifuani kwa mtu aliyevaa dubu. Ya tano ni Bibi ndani ya gari la kugongana, usukani mkono mmoja, viatu vyake mkono wa pili visije vikaibwa. Ya sita ni Babu, aliyekataa kupanda chochote, amesimama chini ya gurudumu kubwa na mikoba ya ukoo mzima.

"Mke mwenzangu," Bibi ananiuliza hapo, "mume wetu anafanya nini?"

"Ameshika mikoba saba."

"Mpaka leo? Mwambie akae chini."

Kila siku hivyohivyo. Na kila siku tunacheka.

Picha kumi na moja alipiga mjomba, kifungua mimba wa Bibi, miaka kumi na sita, kwa kamera ya kuazima. Ukitazama vizuri, kidole gumba chake kimeingia kwenye pembe za picha nne. Ya nane peke yake ndiyo alipiga Bibi. Mjomba yuko juu ya farasi wa mbao, wale wa kuzunguka, mrefu mno kwa farasi yule, miguu inaburuta, anacheka mdomo wazi. Alimwonyesha mama yake pa kubonyeza, akamwambia asipumue. Bibi akabonyeza, akapumua, picha ikatoka imeinama. Mwaka uliofuata homa ya siku tatu ikamchukua mjomba. Picha yake nyingine hakuna. Mwenye kamera ndivyo alivyo, anabaki nje ya kila kitu.

Leo tulipofika ya nane Bibi akaweka kidole. Palepale kwenye doa.

"Haya, soma."

Nikasoma. Nikasema meno yote yanaonekana, hata lile lililopanda juu ya jingine. Nikasema jasho linang'aa puani. Nikasema amefumba jicho moja kwa sababu ya jua. Sijui kama alifumba. Natazama doa jeupe, naongea, siwezi kunyamaza.

Bibi akasema, "Leo umemwona vizuri kuliko siku zote."

Jumatano, 12 Machi

Nimemuuliza Mama kwa kuzungukazunguka. Ana oda ya sare za shule, sebule nzima ni kola. Nikasema mwalimu ametueleza habari za picha za zamani, eti zilikuwa na negativu, mkanda wa kuchapia picha upya. Za kwetu ziko wapi?

Akacheka na pini mdomoni. "Zetu tulitazamia jua."

Kumbe mwaka ule jua lilipatwa. Redio ikasema msilitazame macho makavu. Mjomba akachukua mikanda ya negativu, akaikata kwa mkasi, akagawia watoto wa mtaa mzima, kila mtoto kipande chake.

"Mimi nilipata ya babu yako na mikoba," Mama akasema. "Jua nikaliona kupitia tumboni kwake."

"Na ile ya mjomba mwenyewe?"

"Alimpa mtoto wa jirani. Wakahama."

Basi. Mjomba alijigawa kwa mkono wake.

Nikasema, "Mama." Akasema, "Nini?" Ilikuwa imefika hapa, nyuma ya meno. Badala yake nikauliza, je, ile ya nane ikipotea? Akaacha kucheka. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini.

"Mwanangu, nyumba hii ikishika moto, wewe toka na bibi yako na picha ile. Mimi nitajitoa mwenyewe."

Nikasema sawa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda studio, ile ya karibu na posta. Nilipita mlangoni mara nne kabla sijaingia.

Fundi picha ni mzee, miwani yake anaivaa kwenye paji la uso. Akaigeuza picha chini ya taa, akainusa. Naapa aliinusa. "Nani alikufundisha?" akaniuliza. "Marehemu haoshwi mara mbili." Akacheka, kisha akaniona uso, akaacha.

Nikamwonyesha tishu. Akaitazama kwa heshima kabisa, akanirudishia. Alisema sura haiwezi kurudi. Kompyuta si mganga, haijui kilichokuwepo. Lakini anaweza kupachika nyingine. "Niletee mtu anayefanana naye."

Nikasema wanasema ni mimi. Ndivyo wanavyosema wote, Mama, majirani, hata Bibi mwenyewe akinipapasa uso: "Kidevu hiki nakijua."

"Basi umemleta. Kaa hapo."

Stuli, kitambaa cha buluu, taa mbili. Akaniambia nicheke. Nilijaribu. Akasema, "Cheka, mwanangu, hiki si kitambulisho." Nikajaribu tena, macho yakaanza kujaa. Akashusha kamera taratibu.

"Yatosha. Mdomo nitakufungulia mimi."

Niifuate Jumatatu.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikuwa namkata Bibi kucha. Akaniambia, bila kuulizwa, kwa nini amekubali kisu.

"Nimeanza kumsahau. Ukisoma naona meno, naona jasho, lakini uso hauji. Mengine nimeyazoea gizani, kinywa changu najua kilipo. Huyu nataka nimwone. Wakinifungua tu, ya kwanza ni ya nane."

Nikamkata hadi nyama. Akasema, "Taratibu, mke mwenzangu, urithi wenyewe hamna."

Jumatatu, 17 Machi

Ni nzuri. Hilo ndilo baya lake.

Imeinama vilevile. Farasi yule, kola ile, miguu ileile inaburuta. Na juu ni mimi, nacheka kwa mdomo ambao sijawahi kuwa nao. Fundi amerudisha hata ukungu kidogo pembeni isionekane mpya. Nilipomshukuru alisema, "Usinishukuru. Mpe mzee wako, ufunge macho."

Nimeiingiza kwenye nafasi ya nane. Nimeitoa. Nimeiingiza.

Darasani leo niliandika neno la kuomba msamaha kwa lugha ya shule, mara nyingi, ukurasa mzima wa nyuma. Ni neno fupi. Ukimkanyaga mtu kwenye foleni unalitoa bila kumtazama. Lakini Bibi hajui lugha hiyo. Kwa yetu lazima nisimame mbele yake niseme nimekosa, naomba radhi. Halafu ningoje. Maana radhi ni yake, anaweza kuitoa na anaweza kuishika.

Nimeichana karatasi.

Jumanne, 18 Machi

Wamempasua. Nusu saa kweli. Alipokuwa anaingia alimwambia daktari, "Fanya polepole, hilo moja ndilo nimelitegemea." Daktari alicheka. Bibi hakucheka.

Amelala na bandeji, mkono wake umeshika wangu. Leo sikuomba kitu chochote. Niliogopa kusikilizwa.

Jumatano, 19 Machi

Sikwenda shule. Muuguzi alitoa bandeji asubuhi. Bibi akabaki amefumba muda mrefu, hadi muuguzi akamwambia, "Fumbua, bibi, dunia bado ipo."

Alianza na mikono yake mwenyewe. Akaigeuza. "Hii ya nani? Imezeeka lini?" Kisha Mama. "Na wewe una mvi, hukusema." Mama analia na kucheka kwa pamoja, muuguzi naye.

Kisha akaniuliza mimi niko wapi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la kitanda cha jirani. Nikasogea. Alinitazama toka nywele hadi viatu, taratibu, kama mtu anayesoma. Nikangoja aseme wanalosema wote.

"Walinidanganya," akasema. "Na vidole vyangu vilinidanganya. Hufanani naye hata kidogo."

Mama akasema, "Mama, jamani! Si pacha wake huyu?"

"Hata kidogo. Huyu ni baba yake mtupu. Kifungua mimba wangu alikuwa..." Akaanza kuchora hewani kwa kidole, hapa paji, hapa shavu, hapa limebonyea. Akatabasamu. Sijawahi kumwona vile. "Ndiyo. Nilipomwona huyu asiyekuwa yeye, yeye akanijia. Twendeni nyumbani nikahakikishe."

Nikahakikishe. Njia nzima neno hilo limenikaa kichwani.

Sasa ni saa kumi. Yuko sebuleni anakunywa chai yake, nasikia anamwambia Mama vifungo vya sare havijalingana. Nilisema nangoja amalize, naenda kufuta vumbi kwenye albamu. Kufuta! Mama alinitazama.

Albamu iko mezani kwangu. Ndani, nafasi ya nane, yumo wa fundi. Ile ya kweli iko kushoto kwangu. Tishu iko kulia, nimeikunjua. Nikimwacha wa fundi, Bibi atanikuta mimi juu ya farasi wa mwanawe. Uso wangu ameushika tangu asubuhi, hawezi kukosea. Nikirudisha ile ya kweli, ataona doa. Nikiacha nafasi wazi, ataona nafasi wazi. Na uso ambao ameupata leo saa tatu asubuhi, nikimwonyesha chochote kati ya hivi, si utamtoka tena? Hilo ndilo siwezi kulijua. Naandika ili nisifanye kitu.

Kikombe kimewekwa kwenye sahani.

Bibi akija chumbani kwangu huwa namsikia toka mbali. Kiganja kinafuata ukuta wa korido, pete inakwaruza rangi, mlango wa bafu anaugonga mara moja ajue amefika wapi. Ndipo mimi hujipanga.

Ndara zimeanza.

"Mke mwenzangu, mwanangu umemficha wapi?"

Sauti iko karibu. Pete sijaisikia. Mlango wa bafu haujagongwa. Anatembea katikati ya korido, haraka, kama mtu yeyote –

nafunika ukurasa kwanza, na picha zote bado ziko mez