Jina la Kaka Mbaruku

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu, babu yako, kikohozi kimempungua, na maharage ya mlimani yameanza kutoa maua.

Umeniuliza kama mwanao anaweza kuitwa Mbaruku, jina la kaka yangu aliyeteremka Morogoro kuuza njegere asirudi tena. Tulimtafuta mpaka Ngerengere.

Mjomba wako alipozaliwa, wazee walitaka kumpa jina hilo. Unajua huku kwetu mtoto hurithi jina la marehemu. Mama yangu alikuwa anachambua mboga, hata kichwa hakuinua. Akasema, "Mbaruku akirudi, tutamwitaje?" Wazee wakamtafutia mtoto jina jingine. Hitima nayo haikusomwa. Kila jioni mama alisimama mlangoni akaliita jina lile kuelekea njiani, mpaka Mungu alipomchukua.

Nimewaza sana, Zuhura. Sisemi kaka amekufa, maana sijui. Lakini mpe mtoto jina hilo. Akianza kutembea, mlete huku. Nataka nisimame mlangoni pale pale, niite "Mbaruku!" na safari hii mtu aitike.

Bibi yako,
Mwanaidi