Mchungwa wa Kwenye Debe

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Makorora tu wazima, ila nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke.

Unauliza kwa nini wazazi wa yule mzee wa Kijapani unayemfanyia kazi huko Kalifornia walilima stroberi tu, hawakupanda hata mti. Si sheria ya huko iliwakataza Wajapani kumiliki ardhi? Nasi vibarua kwenye kambi za mashamba ya mkonge tuliruhusiwa kupanda kunde tu, maana mwenye mti hudai na ardhi. Mama yangu akaotesha mchungwa ndani ya debe, tukawa tunahama nao. Tulipopata kiwanja hiki alilikata debe, akaupanda, akalia kama aliyefiwa.

Mwulize mzee huyo: walipopata ardhi, walianza na mti gani?

Wetu umezaa tena. Nimekataza watu kuyagusa machungwa. Mchumaji yuko Kalifornia.

Bibi yako