Mize, Usiniandikie "Sijambo"

Kigombe, Tanga.
27 Machi 1988

Mpendwa mdogo wangu Mize,

Assalaam alaykum. Najua shikamoo yako iko njiani, kwa hiyo marahaba naitanguliza isije ikakuta mlango umefungwa. Mwandiko ni ule ule wa kuku aliyeparua jivu. Herufi zote nilifundishwa, ila sikukaa darasani mpaka zikanyooka.

Hapa ndipo ningekuandikia kuwa sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu mlio mbali. Leo siandiki hivyo. Nitakueleza hali yangu kama ilivyo, nawe ukimaliza kusoma utanieleza yako kama ilivyo. Mundhir mwanao alilala kwetu juzi akipita kwenda mjini kutafuta mitumba, akanieleza kuwa unaanguka. Na barua yako, aliyoileta yeye mwenyewe mfukoni, inasema u mzima wa afya njema. Nikaiweka barua upande mmoja na kijana upande mmoja, nikamuuliza nimsadiki nani. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

Anasema ulikuwa unakuna nazi ukaanguka ubavu, na ulipoinuka ukasema ni usingizi tu. Mize, usingizi gani huo unaomkuta mtu amekalia mbuzi?

Asmahani mke wangu hajambo kwelikweli, nimemkagua mwenyewe. Anagomba tangu alfajiri.

Ugonjwa huu wa kisukari ni urithi wa marehemu baba. Minazi tuligawana, ukapata yako nikapata yangu, lakini ugonjwa kila mmoja alipewa mzima. Wangu uligunduliwa mwaka ule sukari imepotea madukani, watu wanapanga foleni mpaka wanasahau wamefuata nini. Nesi akapima mkojo wangu akasema, "Mzee, una sukari nyingi sana." Kwanza nikatazama mlangoni. Siku zile watu walikuwa wanakamatwa kwa kuficha bidhaa, na mimi nimekutwa na shehena tumboni! Sasa maduka yamejaa, sukari inamwagika kwenye magunia, na mimi ndiye niliyekatazwa.

Tangu hapo kila mwezi nakwenda hospitali mjini. Nakaa kwenye benchi mpaka makalio yanakufa ganzi, halafu naingia kwa Daktari Ernesti. Ni kijana wa bara, mpole, miwani yake inamteleza puani. Anasema, "Shikamoo mzee, unaendeleaje?" Nami najibu, "Marahaba mwanangu, alhamdulillahi, sijambo kabisa." Anasema, "Vizuri, endelea na dawa ile ile." Basi, nimetoka. Benchi asubuhi nzima, daktari muda wa kupiga chafya.

Na sijambo hiyo ilikuwa uongo mtupu. Lakini ningesemaje? Tumelelewa hivyo. Mtu akikuuliza hali unashukuru kwanza, hata kama paa linaungua. Unamkumbuka bibi yetu? Asubuhi ile watu wanaingia chumbani kumjulia hali, anawajibu, "Sijambo, sijui nyinyi," na alasiri tukawa tunamzika.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi mikono inatetemeka, jasho la baridi linanitoka, kila mtu namwona wawili, ulimi unakuwa mzito. Asmahani akadhani nimepandwa na kitu. Akanifukiza ubani mpaka nikakohoa, na nilipokohoa akasema, "Hicho kinatoka hicho!"

Kisha siku moja nikaanguka mnadani, pale samaki wanaponadiwa, nikalalia fungu la dagaa la watu. Sabiri mchuuzi, ambaye mdomo wake haujapata kufungwa, akapaza sauti, "Jamani, Mzee Uweso kalewa! Tembo la asubuhi hilo!" Mimi, ninayeadhini msikitini mwadhini akiumwa! Nilikuwa nasikia kila neno na siwezi kujibu, na wewe unajua kuwa kutojibu kwangu ni ugonjwa tosha. Mama mmoja muuza chai akanimiminia kinywani chai ya sukari, ili pombe inishuke, kasema. Haukupita muda nikainuka, nikakaa, nikawatambua wote.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Nimekatazwa sukari miaka yote hii, na sukari ndiyo iliyoniinua. Kwa nini? Swali lile liliniwasha kuliko upupu.

Nikaapa kuwa zamu hii sisemi sijambo. Njia nzima kwenye gari narudia maneno yangu kama mtoto wa chuo anayekwenda kusikilizwa na maalimu. Nikaingia. "Shikamoo mzee, unaendeleaje?" Na ulimi huu, Mize, ukanitangulia: "Marahaba mwanangu, alhamdulillahi, sijambo kabisa."

"Vizuri, endelea na dawa ile ile."

Nikajikuta nje nimeshika cheti cha dawa. Dirishani foleni ilikuwa fupi, nikakaribia kuzipokea. Nikaviona vile vidonge vyeupe, nikakumbuka dagaa walivyoninukia usoni. Nikageuka.

Nesi wa mlangoni akanizuia. "Mzee, wewe umeshaonwa."

Nikamwambia, "Nimeamkiwa tu, mwanangu. Kuonwa bado." Nikapita.

Nikakaa bila kukaribishwa. Nikamwambia daktari, "Ile sijambo ilikuwa ya adabu. Sasa niulize ya ugonjwa."

Akavua miwani. "Mzee, watu wengi wananingoja nje."

"Najua, nilikuwa nao. Na kila mmoja atakwambia hajambo. Ukitupitisha hivi hivi utatuzika sote tukiwa wazima."

Usidhani alicheka. Alinuna. Lakini akairudisha miwani akasema, "Haya, sema." Nikasema yote, kutetemeka, jasho, ubani wa Asmahani, dagaa, chai ya sukari. Akaniuliza yalianza lini. Nikamwambia tangu masika yaliyopita.

"Na mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukuuliza tena? Kwetu ukimuuliza mtu hali mara moja anakupa salamu. Ukimuuliza tena ndipo anakupa habari."

Tukatazamana kama majogoo. Yeye ndiye aliyetazama chini kwanza, ila nakwambia na mimi nilikuwa karibu.

Akataka kujua dawa naimezaje. Nikamwambia kama nilivyoagizwa, kabla ya kula. Nikitoka kuswali alfajiri nameza. "Na unakula saa ngapi?" Hapo nikapata tabu. Nakula kikipatikana. Siku nyingine muhogo wa kuchemsha jua likishapanda, siku nyingine nangoja mpaka samaki waje. Kumbe alinipa dawa ya mtu anayeamkia chai na mkate, na mimi sikuwahi kumwambia kuwa mkate nyumbani kwangu ni mgeni.

Kwa kuwa nilikwisha kaa, nikamuuliza kidonge kikifika ndani kinafanya nini hasa. Akanitazama kama nimemuuliza jina la mchumba wake. Kisha akachora kitu kama ulimi wa ng'ombe, akasema hilo ni kongosho, linakaa nyuma ya tumbo. Kidonge kinaliamsha ili lisaidie kushusha sukari. Chakula kisipokuwapo, linaishusha hata ile kidogo iliyobaki, na mtu anaanguka chini. Alieleza kwa raha, mikono inacheza hewani. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nikamuuliza tena kile chombo cha masikioni anasikia nini humo. Akanivalisha mimi, akanipa nisikilize moyo wangu mwenyewe. Mdogo wangu, unapiga kama mtu anayetwanga peke yake nyumba ya pili. Miaka yote hii anatwanga, na mimi sikuwahi kumpa pole. Mzee mzima nilitaka kulia.

Akanipunguzia dawa, akaniambia nisimeze mpaka sahani iko mbele yangu. Halafu akaniagiza niweke peremende mfukoni, nikianza kutetemeka nitafune. Daktari yule yule aliyenikataza sukari! Asmahani akakuta peremende akifua kanzu, akaniuliza ni za mwanamke yupi wa mjini. Nilimwacha asumbuke kidogo ndipo nikamweleza. Kwa umri huu, mtu akikuonea wivu usimkatize haraka.

Tangu hapo sijaanguka. Asubuhi nyingine natetemeka kidogo, natafuna, natulia. Sabiri nilimfuata mnadani, nikamtaka atangaze kwa sauti ile ile kuwa sikulewa. Akatangaza, lakini mwisho akaongeza, "siku ile."

Suala la saumu bado halijaisha. Daktari kanikataza, nikambishia, naye akanibishia. Tumepatana nirudi kabla ya mwezi kuandama tulizungumze upya. Shekhe wetu nilimuuliza pia, nikidhani ataniunga mkono. Akaniambia mgonjwa ana ruhusa yake, nisijifanye nimeisoma dini kumshinda yeye.

Sasa ni zamu yako. Usipunguze dawa kwa sababu kaka yako kapunguziwa. Mwili wako si wangu. Wala usifunge kabla hujamuuliza mwenye kujua. Nenda hospitali mapema, Ramadhani iko mlangoni. Fuatana na binti yako Mwanaima, yeye haoni haya. Mweleze daktari ulivyoanguka kwenye mbuzi. Ulimi ukikutangulia ukasema sijambo, usitoke, kaa pale pale uanze upya. Hata wakikununia, kaa. Mimi nilinuniwa na sikufa.

Na umuulize dawa yako inafanya kazi gani, kisha uniandikie alivyokujibu. Nataka kujua kama madaktari wa Pemba nao wanachora ulimi wa ng'ombe.

Nisalimie Mwanaima, na mumewe Fadhil, mwambie karafuu alizoniahidi nimechoka kuziota. Mundhir mwambie asinunue makoti ya baridi tena, pwani hii hakuna wa kuyavaa. Asmahani anakupa salamu nyingi na anasema umsihi kaka yako alainishe ulimi. Hajui kuwa ulimi huu ukilainika zaidi utadondoka.

Mize, watoto wa baba tumebaki wawili. Bibi alitutoka kwa sijambo. Wewe usinifanyie hivyo. Nikifungua barua yako nikakuta neno hilo mstari wa kwanza, nitapanda chombo nije Pemba nikuulize tena uso kwa uso, na unajua ninavyotapika baharini.

Mungu akuweke, akupe afya ya mwilini, siyo ya kwenye barua.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, ambaye leo ana nafuu, magoti yanamuuma, na usiku anakuwaza,

Uweso