Dramu Iliyokataa Kutoka

Chelangat mjukuu wangu, chamgei.

Ninatangaza rasmi, mbele ya ukoo wote, kwamba kuku mweupe ameanza kutaga juu ya redio. Habari za dunia sasa tunazisikia akipenda. Chai imechipua vizuri, na kogo, nyanya yako, anakusalimia.

Umeuliza nilijuaje kwamba kogo ananipenda. Niliambiwa na dramu ya breki.

Nilikuwa fundi kijana pale Sigor. Baba yake kogo aliniita nibadilishe habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma la pikapu yake, maana ilikuwa ikivuma kama nyuki. "Ukimaliza, ushike njia," akasema. Alijua ninampenda binti yake, na hakutaka mkwe mwenye grisi kwa kucha.

Gurudumu lilitoka, dramu, kile kifuniko cha chuma cha breki, ikakataa. Nikagonga asubuhi nzima. Ukungu ukashuka, chai ikapotea, mlima ukapotea, tukabaki mimi, nyundo, na kogo wako ndani ya gari, ametulia kama picha.

Mwishowe mzee akachoshwa na kelele. "Wewe fundi! Kuja ule kwanza!"

Tukala na mzee, tukacheka, akaniuliza jina. Niliporudi, breki ya mkono, ambayo ikivutwa dramu haitoki, ilikuwa imeteremshwa. Dramu ikatoka kama kofia.

Miaka yote nimeamini kogo aliivuta ili nisiondoke, akaiachilia nilipokaribishwa. Jana nikamuuliza, nikuandikie vizuri.

"Baba ndiye aliivuta alipoegesha gari," akasema. "Mimi niliiteremsha kwa sababu ilikuwa imenasa sketi yangu."