Mada Kumi na Mbili kwa Goreth

Tabora,
9 Februari 1992

Mwanangu Goreth,

Salamu zangu zikukute popote ulipo, shambani au jikoni. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa mafua ambayo mke wangu Salima aliyatoa msibani na kutugawia nyumba nzima. Kifua cha kaka yangu, baba yako Siméon, kinaendeleaje tangu alipotoka hospitali ya huku? Na mama yangu, yaani bibi yako Elizabeti, bado anakoroma na kubisha kwamba hakoromi?

Barua yako nimeipata. Unasema umechoka kushona majani ya tumbaku kwenye fito na unataka kuja kujifunza kupiga picha kwenye studio yangu. Umeandika kwa adabu, lakini umeandika kama mtu ambaye mizigo yake iko stesheni tayari. Tulia kwanza.

Unasema ofisi ya makazi ya wakimbizi inataka ndugu atakayekupokea aje mwenyewe Katumba, aandike jina lake na udugu wake, ndipo upewe kibali cha kutoka. Goreth, baba yako amekueleza hali yangu. Hapa mimi ni Bwana Japhet, Muha wa Kasulu. Ndivyo nilivyosema nilipotoroka makazini mwaka 1979, na kwa kuwa Kiha na Kirundi vinakaribiana, hakuna aliyeniuliza mara mbili. Hata Salima anajua hivyo. Basi mambo ya ofisi tuyaache kwanza. Na kwenye bahasha usiandike jina langu la Méthode hata kidogo.

Tuanze na hili. Lyamba, kondakta wa treni, anakuletea kamera yangu ya zamani. Ndani kuna filamu moja ya nyeusi na nyeupe, picha thelathini na sita. Kila wiki nakupa mada moja, na kila mada picha tatu tu. Ndiyo wiki kumi na mbili. Filamu ikiisha, irudishe kama ilivyo, nitaisafisha mwenyewe. Nikiona picha kumi za maana, tutazungumza habari ya kuja.

Wiki ya kwanza Mikono. Ya pili Maji. Ungefika Kapalamsenga ukapiga Ziwa Tanganyika ungekuwa umemaliza kazi. Ya tatu Kusubiri, ya nne Moto. Mtu asimame wima, aangalie kamera, kichwa kisikatwe. Namba za kasi ya kamera na za mwanga nimekuandikia kwenye karatasi, isome mpaka uikariri.

Ni mimi baba yako mdogo,
Méthode


Katumba,
15 Machi 1992

Mpendwa Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini mafua yamewaachia. Sisi wazima, kifua cha Baba kimetulia, na Bibi amesema anayekoroma ni paka.

Wiki ya kwanza nusura niiache kazi. Nilikwenda kwa jirani yetu Christina, kamera shingoni. Akaingiza watoto ndani na kufunga mlango. Nikaenda kwa mzee Claude. Yeye alitoka mbio na kadi yake ya ukimbizi, akavua kofia, akaegemea ukuta na kukaza shingo. Kugeuka, watu saba wamepanga mstari nyuma yake. Walidhani nimetumwa kuandikisha watu wa kurudishwa Burundi! Baba mdogo, nyie wa mjini mnapigwa picha kwa sherehe. Hapa, mtu akisimama mbele ya kamera anapewa namba. Nilicheka sana, halafu nikaona haya kwa kucheka.

Nikawaambia, "Sura zenu sizitaki, nataka mikono tu." Hapo wakashangaa, mzee Claude akauliza mikono yake ina kosa gani. Lakini mikono haina jina wala haiandikishwi, basi wakanipa. Nimepiga ya mzee Claude iliyojaa utomvu mweusi wa tumbaku, nimepiga ya dada Josephina anayeshona majani bila kuyatazama huku anamsema mumewe, na ya Mama ikimpima mtoto homa.

Maji: ziwa nimekuachia wewe. Kibali cha kufika Kapalamsenga sina, na hata ningekuwa nacho, ni mbali. Nilimpiga picha Josephina akimmwagia mwanawe ndoo ya maji kichwani, pale kisimani. Niliweka kasi 250 kama karatasi inavyosema. Sijui kama imeshika.

Kusubiri nimempiga Baba amekaa mchana mbele ya bani, lile banda la kukaushia, anangoja tumbaku ikauke. Hapo nimekosea sheria yako. Kichwa nimekikata. Miguu yake ndiyo iliyokuwa inasubiri, nikapiga miguu. Na Moto nimepiga moshi, kwa sababu moto wenyewe kila mtu anaujua.

Nitumie mada nyingine. Siku hizi nikitoka nyumbani naona vitu ambavyo vilikuwepo tangu nizaliwe.

Bibi anauliza mke wako ni mtu wa namna gani, na anajua kupika nini. Anauliza pia utakuja lini ofisini.

Mwanao,
Goreth


Tabora,
29 Machi 1992

Mwanangu Goreth,

Nakusalimu sana, na wote walioko nyumbani. Sisi wazima, mafua yamehamia kwa jirani.

Nimesoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa na mteja anayenisubiri mbele ya pazia langu lenye ndege ya kuchorwa. Kichwa cha kaka yangu umekikata! Nilikasirika, kisha nikaikumbuka ile miguu ya Siméon, jinsi anavyopandanisha vidole akiwa na wasiwasi, nikajikuta namwambia mteja wangu apandanishe vidole. Aliniona mwehu.

Nani alikufundisha kupiga moshi? Mimi sikukufundisha. Nisikudanganye, sijaziona picha zako lakini naziona.

Mada zilizobaki ni Mlango, Mvua, Kicheko, Jumapili, Soko, Njia, Kivuli, na mwisho Uso. Uso nimeuweka mwisho makusudi. Miaka yote hii napiga nyuso za watu, Salima anawapaka poda, nami nawaambia wasicheke. Nyingi zimetoka kama sahani zilizooshwa. Usiuchukulie rahisi.

Mambo ya ofisi bado nayafikiria. Mwambie mama yangu nampenda.

Baba yako mdogo,
Méthode


Katumba,
17 Mei 1992

Mpendwa Baba mdogo,

Shikamoo tena. Hali zetu ni nzuri, tumbaku ya mwaka huu ni nzuri pia, migongo ndiyo mibaya. Salima hajambo? Mtoto wenu Minza ameanza darasa la pili?

Filamu imeisha! Namkabidhi Lyamba kesho, nimeifunga kwenye kitambaa na nimemwambia akiiacha kwenye jua mimi na yeye basi.

Mlango ni wa Christina, uleule alionifungia. Picha ya kwanza umefungwa. Ya pili nilirudi kesho yake, mtoto anachungulia. Ya tatu Christina mwenyewe ametoka na kigoda, ananiambia nikae. Sikumwomba chochote, nilikuwa nakwenda tu kila siku kumsalimu.

Mvua niliifunika kamera kwa mfuko wa plastiki nikautoboa tundu. Kicheko kilinitesa kuliko vyote, maana watu wakiona kamera wanakata kicheko katikati kama wamefumwa. Mwishowe nikapiga watu waliokuwa wanajizuia kucheka kanisani, kwaya nzima, siku mwalimu wao alipokosea kuanza wimbo. Sijui kama ni kicheko hicho au ni Jumapili. Utaamua wewe.

Sasa Uso. Picha zote tatu nimempa Bibi. Alikuwa anachambua maharage uani, saa nne asubuhi. Mwanzo alikataa, akasema alishapigwa moja mwaka 1973 tulipofika hapa na inamtosha. Kisha akauliza, "Hiyo inakwenda kwa nani?" Nikamwambia inakwenda kwako. Akaweka ungo chini. Akavua kitambaa kichwani, masikio yale yetu makubwa yakatokeza yote mawili, akasema, "Mwambie asogee."

Nikasogea mimi. Hakukaza shingo, hakutabasamu. Alitazama kwenye lenzi muda mrefu, hata nikasahau kubonyeza. Nilipiga tatu mfululizo na mikono ikanitetemeka, hivyo nakuomba radhi mapema.

Baba mdogo, kazi yangu nimemaliza. Ofisini nimeuliza tena, nao wamenijibu kwa upole kwamba wanachongoja ni ndugu yangu tu. Kushona tumbaku ninaweza mpaka nizeeke, hilo silalamiki. Ila sasa nimejua kitu ninachokitaka, na hilo umelisababisha wewe. Nakuomba uje.

Mwanao,
Goreth


Katumba,
12 Julai 1992

Baba mdogo,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba mko wazima, maana nikifikiri vingine silali.

Lyamba anaapa alikukabidhi filamu mkononi. Wiki ya nane hii. Kama filamu imeungua, niambie. Kama picha ni mbaya, niambie pia, mimi si mtoto. Kama huwezi kuja Katumba, hilo nalo liandike, hata mstari mmoja.

Kamera haina filamu lakini kila Jumatatu bado najipa mada. Wiki iliyopita ilikuwa Vumbi, wiki hii ni Mgongo. Nazipiga kwa macho tu. Nyingine ni nzuri sana na inaniuma kwamba hutaziona.

Bibi haulizi habari za picha. Anauliza kama umesema chochote.

Goreth


Tabora,
2 Agosti 1992

Mwanangu mpendwa Goreth,

Salamu nyingi kwako, kwa baba yako, na kwa mama yangu. Kiafya sisi ni wazima. Mengine utayasoma, na ukimaliza unitukane, ninastahili.

Filamu haikuungua. Niliisafisha siku ileile Lyamba aliponipa. Nilikuambia nataka picha kumi za maana. Nimehesabu ishirini na tisa, nikaacha kuhesabu. Yale maji ya Josephina yamesimama hewani, na mtoto amefumba macho akiyangoja. Miguu ya Siméon nimeikuza na kuibandika dirishani mwa studio, juu ya maharusi wangu wote waliosimama wima, na watu wanasimama barabarani kuitazama. Mwalimu mmoja wa hapa ameniuliza ni mpiga picha gani huyo kutoka nje. Kwaya yako inayojizuia kucheka imemchekesha hata Salima ambaye hapendi kwaya. Na ule mlango wa Christina! Mimi ningepiga mara ya kwanza tu nikaondoka. Miaka kumi na mbili nina kamera, Goreth, na hakuna mtu aliyewahi kunitolea kigoda.

Nakuambia sasa jambo la aibu. Nilikupa mada kumi na mbili ili nipate wiki kumi na mbili za kukukwepa. Nilidhani utachoka wiki ya tatu, nami nitakuwa nimepona bila kukataa.

Zile tatu za mwisho sikuzikuza. Niliona kwenye negativu ni nani, nikazitia kwenye bahasha na kuiweka chini ya makopo ya dawa za kusafishia filamu. Ndiyo sababu ya ukimya wangu. Kila nilipotaka kukuandikia nilianza na sifa za picha nyingine, nikifika kwenye Uso kalamu inagoma. Maana kuna kitu ambacho hata baba yako hakijui. Nilipomwoa Salima, miaka tisa iliyopita, wazazi wake walitaka kumwona mama yangu. Ningemleta vipi, na mimi ni Muha wa Kasulu? Nikasema amefariki.

Barua yako ya Julai ilinichoma. Jumamosi ya tarehe 25 Salima alikwenda sokoni, nikafunga chumba cha giza, nikakuza moja, ile ya katikati. Nikaianika kwenye kamba na kukaa mbele yake. Sikusikia mlango. Nilipogeuka, Salima alikuwa amesimama na kapu lake la nyanya, Minza yuko pembeni yake. Akaitazama picha. Akayatazama masikio ya Minza. Akanitazama mimi.

"Huyu nani?"

Jibu nilikuwa nalo, mwongo hakosi jibu. Bibi mmoja wa Urambo, mteja. Nilifungua mdomo kulisema. Lakini mama alikuwa ananitazama kutoka kwenye ile karatasi, hajakasirika, ananisubiri tu nimalize ujinga wangu. Ungekuwa mpiga picha wa kawaida ningedanganya bila shida, mwanangu. Ungeuharibu mwanga kidogo, ungetikisa mkono kweli kama unavyosema, ningesema bibi wa Urambo na mambo yangeisha. Kwa picha ile sikuweza. Nikasema, "Mama yangu. Yu hai. Yuko Katumba, na mimi ni mtu wa hukohuko."

Salima aliliweka kapu chini, akaishusha picha kwenye kamba ikiwa bado mbichi, akaondoka nayo. Siku mbili hakusema nami. Siku ya tatu alinijia asubuhi akaniuliza treni ya Mpanda inaondoka siku gani.

Tunakuja wote watatu, Ijumaa ya tarehe 14. Nitakwenda ofisini Katumba na kuandika jina langu nililopewa na wazazi wangu, na udugu wangu na wewe, na kwamba nilitoka bila kibali. Watakaloamua juu yangu nitalipokea. Wakiniweka ndani, studio mtaiendesha wewe na Salima, na nina hakika wateja hawatanikumbuka.

Mwambie mama tunakuja, lakini habari ya kwamba nilimwua kwa mdomo usimwambie. Salima amesema hilo atamweleza yeye mwenyewe. Sasa hivi ninapoandika anafunga mchele, sukari na kitenge, na nimemwambia vinatosha, mama ni mzee, hali chakula kingi. Akanijibu, "Japhet, au sijui nikuite nani, mimi kila Ramadhani nimepika nikalisha watu kwa ajili ya marehemu mkwe wangu. Miaka tisa. Na mwenyewe yuko Katumba, sijampelekea hata kikombe cha uji."

Baba yako mdogo,
Méthode