Mvua Siku ya Kutoka Eda

Pujini, Jumapili usiku, Mfunguo Nne

Na bado wifi yangu Bi Mize anauliza. Tangu asubuhi ni hilo hilo: nyumba hii ni ya ndugu wa marehemu, sasa mimi nitakwenda kukaa kwa nani? Kwa kaka yangu kule Kiuyu? Au nitaolewa tena? Swali hilo linanitia hofu.

Leo nimetoka eda ya mume wangu. Wanawake walikuja kunikogesha, wakanifukiza udi, wakanivika kanga mpya. Niliwaacha wanigeuzegeuze kama mtoto. Sikulia. Nadhani walitaka nilie.

Mara wingu likafunga, na karafuu zilikuwa zimeanikwa uani. Nikainuka mbio.

"Wendapi, we? Hujasomewa dua!" Bi Mize akapiga kelele.

Nilikunja jamvi la kwanza, nikavuta la pili, na kufumba na kufumbua wanawake wote walikuwa nje, wanaanua pamoja nami. Hakuna aliyenionea huruma. Mmoja hata alinifokea kwamba najikokota.

Tuliziwahi zote, mvua ikianza kumwagika. Kanga mpya imejaa tope. Udi umeniondoka, mikono inanukia karafuu tu. Nilikuwa nimesahau kwamba ndiyo harufu yangu.

Baada ya dua, Bi Mize akarudi palepale. "Basi utakaa kwa nani?"

"Zikauke kwanza," nikamwambia.

Akakunja mikono ya kanzu, akanisaidia kuzitandaza ukumbini.